Jua la Dirishani

Neno la mama halikuwa la kupindika. Alilisema mbele ya ndugu wote, huku akikunja kitambaa chake kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba hakuna wa kumpinga.

"Huyo msichana wenu aje aibandike hiyo plastiki yake hapa, kwenye dirisha langu ninaposhonea. Jumamosi nitakaa kwenye kiti changu nitunge uzi kwenye sindano kwa mwanga utakaopita humo. Nikiweza, na taa ya cherehani ikawaka kwa huo umeme wake wa jua, nitatoa radhi yangu waoane. Nisipoweza, kila mtu ashike njia yake, na habari za ndoa nisizisikie tena."

Ndugu walitazamana. Wapo walioona ni mzaha, wapo walioona ni ukatili. Fundi Vioo, mwanawe wa pekee, yeye mwenyewe aliyetaka kuoa, aliinamisha kichwa na kusema, "Sawa, mama." Naye Fundi Jua, aliyetakiwa kuolewa, alipoletewa habari hizo maabara alicheka sana, halafu kicheko kikamkauka mdomoni.

Sasa Jumamosi yenyewe ilikuwa imefika. Fundi Jua alikuwa akipanda ngazi za jengo lile kuelekea ghorofa ya juu, mkono mmoja kwenye ukuta, moyo ukimwenda mbio kuliko miguu.

Jina la Fundi Jua hakupewa na wazazi wake. Watu wa mtaa ndio waliompachika, baada ya kuchoka kueleza kazi yake. Alikuwa mtafiti, na maabara yake ilikuwa na mashine ya rola iliyochapa wino juu ya plastiki nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kama inavyochapwa gazeti. Wino wenyewe haukuwa wa kuandikia. Ulipopigwa na jua ulitoa umeme. Na utando uliotoka kwenye mashine ile ulikunjika kama kitambaa, ukapitisha macho hadi upande wa pili, ukiacha rangi hafifu ya majani mabichi. Kulikuwa na mistari mingi myembamba ndani yake, na ukingo mweupe mtupu kuzunguka pande zote.

"Mwanga una sehemu ambayo jicho linaihitaji na sehemu ambayo jicho halina habari nayo," alizoea kuwaambia wageni. "Utando huu unakula zaidi ile ambayo jicho halina habari nayo. Ninyi mnaendelea kuona, nao unaendelea kula."

Wageni wengi waliitikia kwa kichwa kisha wakauliza maswali ya kuchosha. Fundi Vioo hakuuliza. Alikuwa ameitwa kubadilisha kioo kilichopasuka pale maabara, akaukuta utando umetandazwa mezani. Aliuinua kwa viganja viwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga, akautazama mkono wake mwenyewe kwa upande wa pili, kisha akamgeukia mwenye maabara.

"Hiki umekitengeneza wewe?"

"Mimi na mashine."

"Mashine nimeziona nyingi," alisema. "Nimekuuliza wewe."

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na tusidanganyane, yalianzia kwa wote wawili kwa mpigo. Fundi Jua aliyaona macho ya mtu anayejua thamani ya kitu kinachopitisha mwanga. Fundi Vioo, kwa upande wake, alivunja kioo kipya alichokuwa amekuja kukiweka, akarudi kesho yake na kingine, na kesho kutwa akarudi bila kioo chochote.

Waliitana "Fundi" wote wawili, na watu waliowasikia walichanganyikiwa. Ni Fundi Vioo aliyemwonyesha jiji kwa macho mengine. Walipotembea barabarani alikuwa akinyoosha kidole: "Fundi, ona hilo hema la maonyesho. Ona kibanda cha kusubiria basi. Ona lile banda la kuoteshea miche, paa lote ni plastiki tupu, haifanyi kazi yoyote. Na madirisha haya yote! Kwetu tunakaa ghorofani, paa si letu, hatuwezi kuweka zile sahani nzito za jua. Lakini dirisha ni letu." Fundi Jua alikuwa ameyawaza hayo miaka yote akiwa peke yake mezani. Kuyasikia kutoka kwenye mdomo wa mtu mwingine kulimpa raha ambayo hakuweza kuieleza hata kwa dada zake.

Mama ndiye aliyekuwa mlima. Na mama naye hakuwa mtu mbaya, tumtendee haki. Alimlea mwanawe kwa cherehani ile, mbele ya dirisha lile, tangu alipofiwa na mume. Siku Fundi Jua alipokwenda kumwamkia kwa mara ya kwanza, alimpokea vizuri, akampa kiti, kisha akamwambia bila kumung'unya maneno.

"Mwanangu anashika vioo. Wewe unashika jua. Leo unamwona mkubwa. Kesho utakuwa huko juu na wenzako, utachoka kuinama kumwangalia."

"Siinami kumwangalia, mama. Yeye ni mrefu kunizidi."

Mama alikaribia kucheka. Alijizuia. "Na kushona kifungo unajua?"

"Ninajifunza."

"Hm," alisema mama, na "hm" ile ilikuwa ndefu kuliko hotuba.

Basi Jumatano, mama alipokwenda kupeleka nguo za wateja, wao wawili walibandika utando dirishani. Fundi Vioo alisafisha kioo hadi kikalia chini ya kitambaa. Fundi Jua akapitisha waya mwembamba hadi kwenye taa ndogo inayomulika mguu wa cherehani, pale ambapo mkono wa mshonaji hutia kivuli. Akabonyeza. Taa ikawaka! Walishikana mikono kama waliookota dhahabu. Kisha Fundi Jua akaitwa maabara, akaondoka mbio, akamwacha mwenzake akikusanya vifaa.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyakumbuka alipogonga mlango.

"Hodi!"

"Karibu!" Sauti ilikuwa ya shangazi, dada wa marehemu baba yake Fundi Vioo, aliyekuja tangu asubuhi ili asikose hata neno moja. Alikuwa amekaa kitandani na kikombe cha chai. "Karibu bibie. Ndiye wewe? Mbona mwembamba hivi! Au jua ndilo lililokukausha?"

"Shikamoo shangazi. Shikamoo mama."

"Marahaba," mama alisema kutoka kwenye kiti chake kando ya dirisha. Miwani ilikuwa puani, kikasha cha nyuzi mapajani.

Fundi Vioo alikuwa amesimama karibu na kabati. Alikuwa amevaa shati lake zuri, lile la buluu, lakini hakuwa na raha ndani yake. Mkono wake ulikuwa ukienda kwenye mfuko wa kifuani, unafungua kifungo, unafunga, unafungua tena. Kifungo chenyewe kilikuwa kimebaki kwenye uzi mmoja. Fundi Jua alimtupia tabasamu. Lilirudishwa nusu.

"Haya," shangazi alisema. "Mambo ya kusubiri yalitushinda sisi ujanani. Washa taa tuone, bibie."

Nje jua lilikuwa kali, la kupendeza, jua la kuombwa. Fundi Jua alinyoosha kidole na kubonyeza swichi.

Taa haikuwaka.

Akabonyeza tena. Akakagua waya, akaukuta mzima. Akakagua kiungio, akakikuta kizima. Ndipo alipoinua macho kwenye utando wenyewe, na akaona kile ambacho mwangaza ulikuwa umekificha. Kutoka pembe ya chini ya kushoto, doa la kahawia lilikuwa limetambaa hadi kwenye mistari, kama chai iliyomwagika juu ya shuka. Na mwanzoni mwa doa, pale kwenye ukingo mweupe, kulikuwa na pengo. Dogo, la pembe nne, limekatwa kwa mstari ulionyooka.

Katika jiji lile zima alimjua mtu mmoja tu anayekata namna ile.

Alimgeukia. Fundi Vioo alikuwa akitazama sakafu.

"Mama, naomba ruhusa kidogo," alisema Fundi Jua, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa upole wake. "Nina neno na mwanao hapo nje."

"Ruhusa unayo," mama alisema.

Ukumbini walisimama kati ya ndoo na baiskeli ya jirani. Mlango haukufunga vizuri, nao walilijua hilo, kwa hiyo waligombana kwa kunong'ona, na ugomvi wa kunong'ona huuma zaidi.

"Umekata."

Fundi Vioo akageuzia uso kwenye baiskeli.

"Fundi, nakuuliza. Umeukata utando wangu?"

"Kidogo tu. Pembeni. Pale ambapo hapana kitu."

"Hapana kitu!"

"Hapana mstari, hapana rangi, peupe tu. Kwenye vioo pembeni ni ziada, Fundi. Kila kazi tunakata ukingo tunautupa. Nilijua..."

"Ulijua nini? Ule ukingo ndio roho yake! Pale ndipo tunapoufunga, juu na chini, gundi kati, ili hewa isiingie, unyevu usiingie. Wino huu ni kama ndizi. Ukiwa ndani ya ganda lake unakaa. Wewe umeimenya pembe moja ukaiacha juani siku zote hizo. Mstari wa kwanza umekufa, wa pili umeufuata, na yote imeshikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara. Mmoja akianguka, wanasimama wote."

Fundi Vioo alifumba macho. "Sikujua."

"Si ungeuliza?"

"Nilidhani ni takataka. Naapa. Ningejua ni roho, ningejikata kidole kwanza."

Aliposema hivyo alionekana kijana mdogo kabisa, na Fundi Jua akaikasirikia nafsi yake kwa kumwonea huruma mapema namna ile. Mle ndani ndoa yao ilikuwa inapoa pamoja na chai ya shangazi. Kazi yake, aliyoilinda kuliko macho yake, ilikuwa inachekwa na taa ndogo ya cherehani. Na mtu aliyeyafanya yote mawili ndiye huyo huyo aliyetaka kuzeeka naye.

"Kwa nini lakini?" aliuliza. "Kama ni takataka, uliitakia nini?"

Mkono wa Fundi Vioo ulikwenda tena mfukoni. Kifungo kikaning'inia. Akatoa kipande kidogo cha utando, akakiweka kwenye kiganja chake na kukisogeza kwenye mwanga.

Ndani ya gundi, katikati ya tabaka mbili za plastiki, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Fundi Jua aliitambua mara moja. Siku alipokuwa akifunga ukingo ule, glavu ilimpasukia, naye akabonyeza pembe kwa kidole kitupu. Alikuwa ameiona ile alama kama aibu ya kazi. Alitumaini hakuna atakayeiona.

"Kazi zako zote ni safi," Fundi Vioo alisema polepole. "Nimezichunguza zote, hazina alama ya mtu. Ungedhani zimeshuka zenyewe toka mbinguni. Nilipokuwa nafuta kioo Jumatano nikaona hiki. Hapa tu ndipo ulipo wewe. Nikasema, Jumamosi mama akiwa ananitazama kwa yale macho yake, niwe nawe mfukoni."

Fundi Jua akaigusa ile alama kwa kidole. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa na haki. Lakini ilikuwa imekosa pa kukaa. Miaka yote watu walikuwa wakiisifu kazi yake kwa kuwa haionekani, na huyu mmoja alikuwa ameichunguza hadi akamwona yeye ndani yake. Akazidi kumpenda.

"Ungeniomba mkono wenyewe," alisema mwishowe.

"Nimeuomba. Mama ndiye hajakubali."

Alicheka bila kutaka, akaziba mdomo, na chozi moja likapata nafasi ya kutoka.

"Mkimaliza kunong'ona," sauti ya mama ilisikika kupitia mlango mbovu, "njooni ndani. Jua halitungoji."

Fundi Vioo akakirudisha kipande mfukoni, wakaingia. Mama alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa upindo wa nguo yake. Shangazi alikuwa amesogea ukingoni mwa kitanda hadi karibu aanguke.

"Taa haikuwaka," mama alisema. "Nani kaiharibu?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa mfukoni mwa shati la buluu. Fundi Jua angeweza kulisema. Ingetosha kusema "mwanao", na utando wake ungetoka pale na heshima yake yote. Alilifikiria kwa muda wa kuvuta pumzi moja, hatutamficha. Kisha akamwona Fundi Vioo anafungua mdomo, akamwahi.

"Ni mimi, mama. Ukingo wa kitu hiki haukatwi, nami sikumwambia mtu yeyote hapa. Mwenye kazi ndiye anayetakiwa kusema."

"Mama, ni mimi," Fundi Vioo alisema juu ya maneno yake. "Nimekata kwa mkono wangu. Usimsikilize."

"Nyamaza, Fundi."

"Nyamaza wewe, Fundi."

"Ala!" shangazi akapiga paja. "Kesi ya kwanza naiona watu wanagombania hatia!"

Mama alinyoosha kiganja kwa mwanawe. "Lete hicho unachokipapasa tangu Jumatano. Nimekizaa mimi kifua hicho, najua kikificha kitu."

Fundi Vioo alimpa. Mama alivaa miwani, akakiinua kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku. Akaiona alama. Akamtazama msichana, kisha akamtazama mwanawe.

"Huyu," alisema akimwonyesha Fundi Vioo kwa kidevu, "tangu ameanza kazi ya vioo hajakosea kipimo. Hajakata kitu cha mtu bila ruhusa hata siku moja. Wateja wananiambia mimi mamake. Sasa amekata cha huyu, tena pabaya." Akatikisa kichwa. "Ugonjwa huu hauna dawa kwenye kikasha changu."

"Lakini wifi," shangazi akasema, maana hakuna jambo zuri lisilo na wakili wa kulipinga, "masharti ulitoa mwenyewe. Ulisema taa iwake."

"Iliwaka."

Wote wakamgeukia.

"Jumatano niliporudi jua lilikuwa bado lipo. Nikajisemea, ngoja nione uongo wao mapema. Nikabonyeza. Ikawaka. Nikaizima, nikaiwasha, nikaizima, nikaiwasha, mtu mzima mimi, kama mtoto." Alilisema hilo akiwa amegeukia dirishani, na kwa mara ya kwanza Fundi Jua aliona dalili ya haya kwenye uso ule. "Na huu mwanga wake, tangu mmeuweka, sijafinya macho. Joto la mchana lililokuwa linanichoma bega hili limepungua. Nimemaliza gauni la watu bila kuhama na kiti. Jana taa ilipokataa, nilisikitika. Ndiyo, mimi. Nilisikitika."

"Sasa mtihani wa leo ulikuwa wa nini?" Fundi Vioo aliuliza, sauti ikimpanda.

"Taa nilishaiona. Nilitaka kuona, siku kazi yake ikiaibika mbele yetu, atamtwika nani lawama." Mama alimgeukia msichana. "Nilikuambia utachoka kuinama. Naona huna habari ya kuinama. Kazi yako ni nzuri, mwanangu. Nzuri sana. Nimeishi na dirisha hili maisha yangu yote na sikujua lina kitu zaidi ya kunipa."

"Nitakuletea nyingine, mama," Fundi Jua alisema. "Nzima."

"Lete. Ila huyu asiachwe nayo peke yake."

Kisha akafungua kikasha, akachagua uzi wa buluu, akaulamba ncha. Aliinua sindano mbele ya dirisha, kwenye mwanga ule wenye rangi hafifu ya majani, kando ya doa la kahawia. Shangazi alirefusha shingo. Fundi Vioo alishika ukingo wa kabati. Uzi uliingia mara ya kwanza tu, ukapita, akauvuta na kuufunga fundo.

Hakuanza kushona. Aliigeuza sindano, akamnyooshea Fundi Jua upande wa tundu.

"Shika," alisema. "Kifungo cha mumeo kinaanguka."